Dalali, Soko na Tiki: Kinachomla Mfanyabiashara wa Fyucha

Jumanne moja usiku nilifunga kompyuta nikiwa na raha zangu. Nilikuwa nimeingia kwenye soko la fyucha na kutoka mara 14, mkataba mmoja mmoja, na programu ilinionyesha faida ya dola 11.25 kwa rangi ya kijani. Si pesa ya kujengea nyumba, ila kwa mtu anayejifunza jioni baada ya kazi, kijani ni kijani. Asubuhi taarifa ya akaunti ikaja kwa barua pepe. Chini ya ukurasa palikuwa na mistari midogo ya makato, na chini yake jumla: hasara ya dola 6.11.

Dalali hakuniibia. Kila senti ilikuwa imeandikwa kwenye fomu niliyoitia saini bila kuisoma. Nilichukua kalamu nikaanza kutenganisha: hii ya nani, hii ya nani. Nikagundua kwamba hata kama dalali angenifanyia kazi bure kabisa, siku ile ningebaki na senti 89.

Kwa hiyo vijana wa hapa Kampala wanaponiuliza, "Dalali gani ana kamisheni ndogo?", huona swali limeanzia katikati. Kamisheni ndiyo inayotangazwa, kwa sababu ndiyo madalali wanayoshindania. Mistari mingine haina anayeitangaza.

Fyucha ni mkataba wa kununua au kuuza kitu kwa bei ya leo, makabidhiano yakiwa mwezi fulani wa mbele. Sisi Waganda tunaishi nayo hata kama hatujawahi kuigusa: bei ya kiboko, yaani kahawa ya robusta iliyokaushwa na ganda lake, anayouza mkulima wa Masaka hufuata mikataba ya robusta inayouzwa London kwenye soko la ICE, na arabika ya Mlima Elgon hutazama New York. Wanaofanya biashara hii kila siku, lakini, wengi hawapokei gunia lolote. Wananunua na kuuza mkataba uleule ndani ya dakika au saa chache wakitafuta tofauti ya bei. Hao ndio ninaowazungumzia, na mimi ni mmoja wao. Soko linalowavuta zaidi ni la Chicago, kwenye mikataba ya faharasa ya S&P 500, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa kama 500 za Marekani, kwa sababu soko la hisa la Wall Street linapofunguliwa hapa kwetu ni saa kumi na nusu jioni, au saa kumi na moja na nusu Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma. Mtu ametoka kazini, amekula, amekaa.

Mnadani

Aliyewahi kupeleka mifugo mnadani anajua kwamba pesa hukatwa na watu wawili wasiofanana. Kuna dalali aliyekutafutia mnunuzi, naye unaweza kubishana naye: punguza, nitakuletea wengine wiki ijayo. Halafu kuna mtoza ushuru wa soko mwenye kitabu cha risiti. Huyo habishani. Kila kichwa kina bei yake, uwe tajiri au masikini, uwe umepata faida au umeuza kwa hasara.

Fyucha ni hivyohivyo. Kamisheni ni ya dalali. Ada ya soko ni ya Chicago au London, na dalali yeyote utakayemchagua atakukata ileile, maana anaipokea tu na kuipitisha. Ndani yake kuna malipo ya chombo kinachosimama katikati ya muuzaji na mnunuzi kuhakikisha kwamba mmoja akifilisika mwenzake bado analipwa. Juu ya hapo, kwa masoko ya Marekani, kuna senti 2 za NFA, shirika linalosimamia madalali wa fyucha tangu 1982. Baadhi ya madalali huongeza senti kadhaa za njia ya kupitishia oda, na huziandika kwa jina linaloonekana kama la soko wakati ni zao. Hapo ndipo pa kuuliza.

Yote hayo hukatwa mara mbili: ukiingia na ukitoka. Tangazo la "senti 25 tu" ni la upande mmoja. Tangu siku ile sikubali tena bei ya upande mmoja. Nataka kujua kwenda na kurudi, kila kitu ndani.

Tuweke namba. Mkataba wa E-mini S&P 500 una thamani ya dola 50 mara faharasa. Bei yake husogea kwa hatua za robo pointi, na hatua hiyo ndogo kabisa, ambayo sote tunaiita tiki, ni dola 12.50. Mwaka 2019 Chicago ilileta mdogo wake, Micro E-mini, wenye ukubwa wa sehemu moja ya kumi: dola 5 mara faharasa, tiki moja dola 1.25. Kwa viwango vya 2024, ada ya soko kwa asiye mwanachama ilikuwa dola 1.38 kila upande kwa mkubwa na senti 35 kwa mdogo.

Hebu tazama tena namba hizo mbili. Mkataba ni sehemu ya kumi, ada si sehemu ya kumi. Ingekuwa hivyo ingekuwa kama senti 14. Ukinunua Micro kumi ili upate ukubwa wa E-mini mmoja, unalilipa soko dola 3.50 badala ya 1.38. Ni kama mnadani: ushuru wa mbuzi ni mdogo kuliko wa ng'ombe, lakini ukigawa kwa kilo za nyama, mwenye mbuzi ndiye anayelipa zaidi.

Na sisi wengi ni wenye mbuzi. Dhamana ya mkataba mkubwa, yaani pesa inayotakiwa iwe kwenye akaunti ndipo uruhusiwe kuushika, hatuna.

Sasa ongeza dalali. Tuseme anachukua senti 60 kwa mkubwa na senti 25 kwa mdogo, bei ambazo si za ajabu. Mkubwa: 1.38, na 0.02, na 0.60, jumla dola 2 kila upande, dola 4 kwenda na kurudi. Mdogo: 0.35, na 0.02, na 0.25, jumla senti 62, yaani dola 1.24 kwenda na kurudi. Nikihesabu dola kwa shilingi 3,700, hiyo ni shilingi kama 4,600, rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) ya mayai mawili na chenji inabaki. Nilikula rolex 14 Jumanne ile bila kuonja hata moja.

Pima kwa tiki

Ukitazama dola peke yake, mdogo anaonekana rahisi: 1.24 dhidi ya 4. Ukitazama thamani ya mkataba, yote yanaonekana si kitu. Faharasa ikiwa 5,500, mkataba mkubwa una thamani ya dola 275,000. Dola 4 ndani yake hazionekani hata kwa miwani. Hivyo ndivyo wauzaji wa kozi za mtandaoni wanavyopenda kuonyesha.

Lakini wewe hutafuti dola 275,000. Unatafuta tiki chache. Kwa hiyo gharama ipimwe kwa tiki. Mkubwa: dola 4 kugawa kwa 12.50, karibu theluthi moja ya tiki. Mdogo: dola 1.24 kugawa kwa 1.25, tiki nzima kasoro senti moja. Maana yake mwenye Micro anaanza kila safari akiwa tiki moja nyuma, na bei ikisogea tiki moja kumfaidi, amefika sifuri.

Ubaya wake unategemea safari yako ni ndefu kiasi gani. Chukua mtu wa haraka, anayetaka tiki 4 na anayekubali kupoteza tiki 4. Kwa mdogo, tiki 4 ni dola 5. Akishinda anapata 3.76, akishindwa anapoteza 6.24. Ili asipate wala asipoteze, anahitaji kushinda mara 62 na ushei katika kila 100. Mwenzake mwenye mkataba mkubwa, kwa mchezo uleule na soko lilelile, akishinda anapata 46, akishindwa anapoteza 54. Anahitaji mara 54 tu. Tofauti hiyo ya nane katika mia hailetwi na akili wala chati. Ni ushuru wa mbuzi.

Sasa mwambie mwenye Micro alenge tiki 20 badala ya 4, na hasara yake iwe 20. Anahitaji mara 52 na nusu katika 100. Dalali ni yuleyule, kamisheni ileile, ada ileile. Hakupunguziwa hata senti, ila mzigo umepungua. Ndiyo maana nikiombwa ushauri naanza kuuliza unalenga tiki ngapi na unaingia mara ngapi kwa siku. Jina la dalali nitauliza baadaye.

Mwaka 2018 serikali ilipoweka kodi ya asilimia 1 kwenye pesa za simu, Kampala ilipiga kelele mpaka ikashushwa kuwa asilimia 0.5 kwa anayetoa tu. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele. Kisha nikaenda kwa hiari yangu kwenye biashara ambayo kila nilipotaka dola 5 nilitoa kwanza dola 1.24, karibu robo, na sikusema neno.

Mstari usioandikwa

Kuna gharama moja ambayo huioni kwenye taarifa yoyote. Sokoni kuna bei mbili wakati wote: ya anayetaka kununua na ya anayetaka kuuza. Kwa mikataba ya S&P 500, soko likiwa limejaa watu, pengo kati yake huwa tiki moja. Ukibonyeza kitufe cha kununua sasa hivi, unanunua kwa bei ya juu; ukibonyeza kuuza sasa hivi, unauza kwa ile ya chini. Tiki moja imekwenda, haina risiti.

Kwa E-mini tiki hiyo ni dola 12.50, zaidi ya mara tatu ya kamisheni na ada zote za kwenda na kurudi. Namjua jamaa aliyehamisha akaunti yake yote kwa dalali mwingine ili aokoe senti 20, akakaa wiki mbili akisubiri uhamisho ukamilike, halafu akaendelea kuingia na kutoka kwa pupa akiacha tiki mezani kila mara. Kuweka oda kwa bei unayoitaka na kungoja kuna gharama yake pia, maana bei inaweza kukimbia ukabaki unaitazama. Ila angalau hapo umechagua.

Kwa kahawa pengo ni kali zaidi, na nalitaja kwa sababu Waganda wengi huvutwa na robusta kwa kudhani wanaijua. Mkataba mmoja wa London ni tani 10, tiki ni dola 1 kwa tani, kwa hiyo dola 10 kwa mkataba. Hata makato yakifika dola 6 kwenda na kurudi, bado ni chini ya tiki moja, na mtu anaweza kusema hapa pana nafuu. Lakini robusta haina umati wa S&P 500. Pengo linaweza kuwa dola 3 au 5 kwa tani, yaani dola 30 au 50 kwa mkataba, na dhamana ni maelfu ya dola. Septemba 2024 bei ilipopita dola 5,000 kwa tani, mkataba mmoja ulikuwa na thamani ya zaidi ya dola 50,000. Kuijua kahawa shambani ni jambo moja, kulijua pengo la bei London ni jingine.

Mipango ya mwezi, data, na barabara ya pesa

Mfanyabiashara wa mara kwa mara atapewa punguzo la namna mbili. La kwanza ni la wingi: ukifika mikataba kadhaa kwa mwezi, kamisheni inashuka. Ni zuri kama ungefika huko hata bila punguzo. Nimeona watu wakiongeza biashara siku za mwisho wa mwezi ili wafikie ngazi, kama mtu anayekunywa soda asizozitaka ili apate kizibo cha zawadi.

La pili ni ada ya mwezi. Tuseme mpango wa bure unakata senti 39 kila upande, na mpango wa dola 99 kwa mwezi unakata senti 29. Unaokoa senti 20 kwenda na kurudi. Kurudisha dola 99 unahitaji safari 495, na kwa mwezi wenye siku 21 za soko hiyo ni karibu 24 kila siku. Kama unafanya 24 kila siku kwa mkataba mmoja wa Micro, rudi ukasome tena hesabu ya tiki 4 kabla hujafurahia punguzo. Anayefanya mikataba mitano mitano kwa safari tano ameshafika, na kwake mpango huo ni halali kabisa.

Ada ya soko nayo hupungua, ila kwa wanachama. Kiti cha Chicago, yaani uanachama wenyewe, hununuliwa au hukodishwa, na baadhi ya wafanyabiashara wakubwa hukodi kiti kwa ajili ya punguzo hilo tu. Kwa mwenye mbuzi, tupite.

Data ya bei inalipiwa kwa mwezi hata usipofanya biashara. Kwenye fomu utaulizwa kama wewe ni mtaalamu au la. Swali linaonekana la sifa, na vijana wetu wanapenda sifa. Usijipambe. Mtu binafsi anayefanya biashara kwa pesa zake mwenyewe hulipa dola chache kwa bei za Chicago. Aliyehesabiwa kuwa mtaalamu hulipa zaidi ya dola 100 kwa kila soko. Data ya ICE, zikiwemo bei za kahawa, kwa kawaida huuzwa ghali kuliko ya Chicago.

Halafu kuna barabara ya pesa yenyewe, ambayo makala za Wamarekani haziitaji kwa sababu wao benki yao iko mtaani kwao. Yetu inapita mbali. Kutoa pesa kwa dalali kwa uhamisho wa benki kunaweza kukatwa dola 30. Ukitoa dola 300, asilimia 10 imekwenda kabla hujaiona, sawa na safari 24 za Micro. Benki ya katikati nayo inaweza kumega njiani, benki ya hapa ikate ya kupokea, na ukibadilisha dola kuwa shilingi upoteze tena kwenye tofauti ya kununua na kuuza. Mimi sasa hutoa mara chache, kwa mkupuo. Anayetaka kuishi kwa kutoa dola 100 kila Ijumaa hajafanya hesabu.

Zipo pia ada za kushtukiza, na hizo nazisoma kwanza siku hizi: ya akaunti iliyolala, na ya dalali kukufungia mkataba kwa nguvu dhamana inapopungua, ambayo huweza kufika dola 25 au 50 kwa pigo moja.

Nairobi, jirani yetu, ilianzisha soko lake la fyucha Julai 2019, linaitwa NEXT. Huko ada huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya mkataba, kwa hiyo ushuru wa mbuzi na wa ng'ombe unalingana kwa kilo. Wafanyabiashara wake ni wachache, hata hivyo, na tumeshaona pengo la bei linafanya nini pasipo na umati.

"Bila kamisheni"

Limebaki tangazo ambalo kila mwenye simu Kampala ameliona: fanya biashara ya dhahabu, mafuta, S&P 500, kamisheni sifuri, anza na dola 10. Wengi huniambia wanafanya fyucha, wakifungua simu naona ni hii. Si fyucha. Ni mkataba kati yako na kampuni hiyo, unaojulikana kama CFD. Bei inafuata ya Chicago, lakini oda yako haifiki Chicago. Gharama imefichwa kwenye pengo la bei wanalolipanga wao, na kwenye riba ya kila usiku unaolala na mkataba wazi. Mara nyingi kampuni yenyewe ndiyo iliyo upande wa pili: unachopoteza wewe ni chake. Nchini Marekani kuuzia watu wa kawaida CFD hairuhusiwi. Hapa, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji imekuwa ikionya umma kuhusu kampuni za mtandaoni zisizo na leseni, na kwa anayetumia dalali wa Marekani, jina la dalali hutafutwa bure kwenye kumbukumbu za NFA.

Kuna njia fupi ya kujua uko wapi. Fungua taarifa ya akaunti ya jana, shuka mpaka kwenye makato, tafuta ule mstari ambao hakuna dalali anayeweza kukupunguzia: ada ya soko. Kama makato yameunganishwa kuwa kitu kimoja, mwandikie dalali akutenganishie. Wa kweli atajibu siku hiyohiyo kwa senti. Mimi nilipoandika nilitumiwa mistari minne ya mkataba mmoja, na wa pili ulisema senti 35, Chicago.